Nyama Iliyotolewa Chumvi Ijumaa

Watoto wa wadogo zangu wananicheka kwa sababu sili chakula kilicholala bila kwanza kuuliza kililala wapi, nani alikifunika, na kilikuwa moto au baridi. Wanasema mzee anahoji sufuria kama polisi. Wacha wacheke. Wao wana friji. Sisi tulikuwa na chumvi, na chumvi ina masharti yake.

Masharti hayo niliyajua Bukavu, enzi za Zaïre, kwenye busheri moja, duka la nyama la Nyawera. Nilifika pale nikiwa bado na alama ya wino kidoleni. Mama alikuwa ametangulia, baba akamfuata mwaka huohuo, na mimi, mkubwa wa watoto wanne, nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nilirudisha vitabu vya shule, nikanawa mikono, nikaenda kuomba kazi ya kukata nyama. Sikuona kama natoa sadaka. Kulikuwa na matumbo manne nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa mrefu.

Patroni wa busheri alikuwa mzee mnene mwenye sauti ndogo. Umeme ulikuja na kuondoka ulivyotaka, kwa hiyo chumba chake cha baridi alikigeuza mahali pa kuweka baiskeli. Tegemeo letu lilikuwa mapipa ya mbao nyuma ya duka. Nyama ya ng'ombe ambayo haikuuzwa tuliikata vipande, tukaisugua chumvi mpaka mikono ikawaka, kisha tukaizamisha ndani ya maji ya chumvi. Kupima ukali wa maji hayo patroni hakutumia mizani. Alitumia kiazi. Alikitumbukiza kibichi, kikizama, tuliongeza chumvi. Kikielea na kutoa kichwa nje, tuliacha.

"Kiboko ameamuka," alikuwa akisema. "Sasa nyama inaweza kulala."

Mara kwa mara alinipa kipande niende nacho nyumbani, na nyumbani nilikuwa na pipa langu mwenyewe. Nasema pipa, ilikuwa ndoo yenye kifuniko. Tuliishi Kadutu, juu ya mteremko mkali kiasi kwamba ukiangusha kitunguu mlangoni kwetu, jirani wa chini anakishukuru. Nyumba aliijenga baba, vyumba viwili na jiko la nje, na ndiyo iliyotubakia.

Mdogo wangu wa kwanza, msichana, alishika jiko. Alikuwa na bidii ya kutisha. Ukikaa sana mahali pamoja anakufuta vumbi. Aliyemfuata, mvulana, alikuwa bingwa wa usingizi. Ukimwita asubuhi anaitika kwa sauti safi kabisa, "Nimeamuka, yaya!" yaani kaka mkubwa, na hatoki kitandani mpaka umvute mguu. Kitinda mimba, msichana pia, alikuwa hajaanza shule na alikula chochote ambacho hakikukimbia.

Nyumba ya juu yetu ilipangwa na mwalimu wa biolojia. Alikuwa kapera. Chakula chake alikipika vibaya na alilijua hilo, basi jioni aliteremka kwetu na kisingizio fulani: leo kuomba kiberiti, kesho kurudisha kiberiti. Siku moja alinikuta nimefunua ndoo yangu.

"Mudogo wangu, unajua nani analala mule ndani?"

"Nyama, mwalimu."

"Na wageni wake. Wadogo sana, jicho haliwaoni."

"Si nitawachemsha? Moto utawaua."

"Moto unaua wale wenye wako macho," akasema, akivuta kigoda bila kukaribishwa. "Kuna wajanja. Wakiona maisha imekuwa mubaya, wanajifunga ndani ya kitu kama mbegu. Ile mbegu unaichemsha asubuhi mupaka jioni, inakuangalia tu."

Dada yangu, aliyekuwa akichambua maharage, aliinua kichwa. "Kumbe tunakula mbegu za wadudu kila siku?"

"Kila siku, maman. Haina neno. Mbegu haimufanyi mutu kitu. Mubaya ni ule mwenye kutoka ndani ya mbegu, anazaa, batoto wake wanazaa, mara wamejaza chungu."

"Na chumvi inawafanya nini?" nikauliza.

Hapo ndipo alipofurahi. Alitazama maharage ya dada yangu, akaomba konzi moja, akaomba na vikombe vitatu. Kikombe cha kwanza alitia maji matupu. Cha pili alitia maji yenye chumvi kidogo, kama ya mchuzi. Cha tatu alichota maji ya ndoo yangu, yale ya kiboko. Akagawa maharage, akaviweka vikombe dirishani, akala kwetu, akapanda kwake.

Watoto hawakulala vizuri kwa kuvichungulia vile vikombe. Maharage ya maji matupu yalivimba, yakapasua ganda, yakatoa mkia. Ya chumvi kidogo yalivimba pia, mawili matatu yakachomoza pua, kisha yakasimama hapohapo, siku zikapita, pua ileile. Ya tatu yalikaa chini yamekunjamana kama vizee vilivyokasirika.

Mdogo wangu wa kiume alikaa sana mbele ya kile kikombe cha katikati.

"Haya yameamuka," akasema, "lakini hayajatoka kitandani."

"Kama weye," dada akajibu.

Mwalimu alipiga makofi. "Ndiyo hiyo! Kuamuka ni kazi moja, kukomaa ni kazi ingine. Wale wadudu iko vilevile. Kuna kiasi cha chumvi mbegu inaweza kuamuka, lakini haina nguvu ya kukua. Ukizidisha, haiamuki hata kidogo. Lakini," akainua kidole, "haijakufa. Mungojee."

Akayatoa yale maharage ya kiboko, akayaosha mara nyingi, akayarudisha ndani ya maji matupu. Machache yalioza. Mengine, baada ya kujifikiria, yakavimba, yakapasuka, yakatoa mikia kama wenzao. Kitinda mimba alipiga kelele mpaka majirani wakauliza nani amejifungua. Ila siku hiyo ya mikia dada yangu hakuwapo. Alikuwa sokoni. Nusu ya pili ya somo ilimpita.

"Chumvi ni mulinzi," mwalimu aliniambia mimi. "Siku unamufukuza, pika, na ukule palepale. Usiache nyama iko vuguvugu. Kwa wale, vuguvugu ndiyo mvua ya Septemba. Wote wanapanda."

Nilikubali kwa kichwa, kama mtu anavyokubali mambo ya walimu, nikarudi kwenye kazi zangu.

Muda si mrefu, habari ikaja kutoka Bunyakiri. Kule alikaa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, aliyefanya biashara ya mafuta ya mawese. Alituma neno kwamba Jumapili atateremka Bukavu pamoja na shangazi wa Kamanyola, "kuwaangalia watoto." Kila yatima anajua maana ya kuangaliwa. Tangu matanga ya baba ilikuwa imesemwa kando kando: dada yangu aende Kamanyola kumsaidia shangazi mashambani, mvulana aende Bunyakiri, kitinda mimba apelekwe Kasha kwa baba mdogo, ambaye nyumba yake tayari ilikuwa imejaa mpaka watoto walilala kwa zamu. Mimi nibaki huru, nitafute maisha. Hawakuwa watu wabaya. Waliona kijana aliyeacha shule, asiye na mke, na watoto watatu, wakafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu, tubaki wanne chini ya bati moja. Na nilijua kwamba ukoo wetu haupimi nyumba kwa maneno. Unapima kwa sahani.

Kwa hiyo nilimwambia dada yangu tutapika nyama ya ndoo, vipande vizuri, na vingine vibaki humo ndani ya chumvi. Akashituka kidogo, na alikuwa na sababu. Kwetu, kumpa mgeni chakula chenye chumvi kali ni kumtukana. Maana yake ni: kunywa maji, uende. Bibi yetu mmoja aliwahi kuondoka kwenye harusi kwa sababu ya maharage. Nyama ya ndoo lazima itolewe chumvi, ilowekwe na kubadilishiwa maji, ndipo ipikwe.

"Usijali, yaya," dada akasema. "Nitaitoa chumvi yote. Hawataamini kama ilikuwa ya chumvi."

Sasa tatizo lilikuwa Jumamosi. Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya mtaa. Kila raia na jembe lake, mitaro izibuliwe, barabara ifagiliwe, na mkuu wa mtaa alipita na filimbi akitazama ni mlango gani bado una moshi. Wanawake wa Kadutu walikuwa na ujanja wao. Walipika mapema kabla ya filimbi, kisha chungu wakakifunika vizuri, wakakizungushia majani makavu ya migomba, wakakiweka ndani ya kikapu na kukifunga blanketi. Chakula kikaendelea kuiva chenyewe bila mtu na bila makaa. Kwa maharage ya siku hiyohiyo, sina ubishi, ni ujanja mzuri.

Mimi nilikuwa dukani tangu Ijumaa, na Jumamosi hiyo pia sikurudi nyumbani. Nyama nyingi iliingia kwa patroni jioni, na nyama mbichi haimsubiri mtu aende akalale. Tulisugua chumvi, nikalala dukani, asubuhi nikapitia misa ya kwanza, nikapanda Kadutu na viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Wageni walikuwa wamekwisha kufika. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti cha baba, amevaa koti la abakosti lililopauka mabegani, mikono juu ya magoti. Shangazi alijaza benchi peke yake. Kitinda mimba alikuwa amekwisha kumpanda.

"Huyu ndiye muchinjaji," baba mkubwa akasema. "Umekonda. Wanakukata na weye?"

"Salamu, baba mukubwa. Salamu, shangazi. Safari ilikuwa namuna gani?"

"Safari tumeisahau," shangazi akasema akinusa hewa. "Tangu mulangoni ninasikia harufu. Nani anapika hivi? Mate inaniangusha."

Kwa kweli harufu ilikuwa ya ajabu. Nilizunguka nyuma jikoni. Dada yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya kikapu, anafungua blanketi kama mkunga anayemwonyesha baba mtoto wake. Nyama ilikuwa laini, inaachana yenyewe, na mchuzi ulikuwa mzito.

"Onja, yaya! Haina chumvi hata kidogo."

Sikuonja. Niliweka kiganja ubavuni mwa chungu. Kilikuwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto mchanga.

"Uliitoa chumvi lini?"

"Ijumaa. Nilibadilisha maji mupaka ikawa matamu. Jumamosi alfajiri nikapika, mbele ya salongo, nikafunga. Angalia, bado ina moto! Tangu jana!"

Alikuwa anacheka kwa furaha. Nikakumbuka yale maharage na mikia yao.

"Usipakue kwanza," nikamwambia, nikapanda mteremko mbio.

Mwalimu alikuwa mbele ya kioo, nusu ya uso povu. Nilimweleza haraka haraka. Alisikiliza wembe ukiwa hewani.

"Inanuka?"

"Inanukia vizuri sana."

"Hiyo haisemi kitu. Pengine hakuna neno ndani. Pengine iko jeshi nzima."

"Nikichemsha tena?"

"Wengine watakufa. Lakini kuna wenye wanaacha sumu, na ile sumu ingine haiogopi moto. Mimi sina hadubini hapa, mudogo wangu. Siwezi kukuambia iko, siwezi kukuambia haiko."

"Weye ungekula?"

Alitazama kioo, akanitazama mimi. Mtu yule alikuwa hajawahi kukataa chakula cha kwetu.

"Apana," akasema.

Niliteremka polepole. Njiani nilijiambia mambo yote ambayo mtu hujiambia. Kwamba watu wa Kadutu walikula vyungu vya blanketi kila Jumamosi na walikuwa wazima. Kwamba nikikosa nyama mezani, baba mkubwa atasema: mumeona? Hawawezi kujilisha. Na kabla ya jua kuzama watoto watakuwa barabara tatu tofauti. Kwamba pengine ni jeshi, pengine si kitu. Nikafika jikoni. Kitinda mimba alikuwa amekwisha kushuka kutoka kwa shangazi na kuja kusimama kando ya chungu na sahani yake, kwa kuwa kwetu mdogo ndiye hupakuliwa wa kwanza. Aliishika kwa mikono miwili.

Nilibeba chungu kizima, nikaenda nacho nyuma, kwenye shimo la taka chini ya migomba, nikakimwaga.

Bahati yangu, shangazi alikuwa anatoka msalani.

"Woooi!" Sauti ile iliteremka hadi kwa majirani wa chini na kupanda hadi kwa mwalimu. "Anamwanga nyama! Baba yao eee, kuya uone! Mutoto amepata kichaa! Anamwanga nyama!"

Vichwa vilijitokeza juu ya ua. Mbwa wa jirani alifika kabla ya baba mkubwa, akachukua pande kubwa na kukimbia nalo. Naomba niseme mapema, kwa wale wanaongoja afe: hakufa. Kesho yake alikuja kuangalia kama kuna jingine. Mbwa yule alikula hata sabuni, kwa hiyo hakuthibitisha kitu upande wowote.

Tulirudi ndani. Baba mkubwa alikaa tena kwenye kiti cha baba, safari hii mikono haikuwa juu ya magoti.

"Eleza."

Nikaeleza. Nilieleza mbegu, nikaeleza kwamba moto hauziui, kwamba chumvi inazilaza, na kwamba ukiiosha chumvi na kuiacha nyama vuguvugu zinaamka na kukua. Nilivyozidi kueleza ndivyo nyusi za baba mkubwa zilivyozidi kupanda.

"Mbegu," akasema. "Ndani ya nyama. Basi tungoje, tutavuna ng'ombe."

Majirani waliokuwa mlangoni walicheka. Hata mimi ningecheka.

"Ni kweli, baba mukubwa!" mdogo wangu wa kiume akaruka. "Tuliziona! Ndani ya vikombe! Zilitoa mukia!"

"Nyama ilitoa mukia?"

"Apana, maharage!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama dada yangu, ambaye alisimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mdomoni, machozi yanateremka kimya.

"Nani alipika ile nyama?" shangazi akauliza. "Nani aliifunga?"

Dada yangu alifungua mdomo.

"Nyumba ni yangu," nikasema. "Chungu cha nyumba yangu ni mimi. Ilipikwa vizuri. Ni mimi sikumweleza kama haikupaswa kulala. Na chakula kipo, mungojee kidogo."

Kilikuwapo, kwa namna fulani. Katika ndoo vilibaki vipande vilevile ambavyo havikuwa vimeguswa, vikiwa vimelala ndani ya maji ya kiboko. Hivyo havikunitia wasiwasi. Lakini muda wa kuviloweka haukuwapo. Nilivikata vyembamba, nikavichemsha, nikamwaga maji, nikavichemsha tena, nikamwaga. Dada yangu alikoroga bugali mwingi na kupika mboga ya lengalenga bila chumvi hata chembe. Nilionja kipande. Macho yalinitoka.

Niliipeleka mwenyewe mezani. Niliweka na ndoo ya maji ya kunywa na vikombe vyote vya nyumba.

"Baba mukubwa, shangazi. Nyama hii iko na chumvi kali. Ninajua maana yake kwetu. Siwafukuzi. Afazali mukasirike na mimi kuliko mutapike kwangu. Mukule na bugali mingi."

Baba mkubwa alimega tonge, akachukua kipande, akatafuna. Uso wake ulipita mahali pengi. Akanyosha mkono kutafuta kikombe bila kutazama, akanywa chote, akanyosha tena.

"Hii si nyama," akasema sauti ikiwa imekauka. "Hii ni ziwa la chumvi."

"Lakini imelala," mdogo wangu wa kiume akamtuliza. "Haiwezi kuamuka."

"Hata mimi siwezi kuamuka! Ongeza maji."

Na wakala. Mtu aliyesafiri kutoka Bunyakiri hachagui sana. Kila tonge na kikombe chake, mpaka mvulana akatumwa bombani na ndoo, akarudi, akatumwa tena. Katikati ya kikombe fulani baba mkubwa alianza kucheka, maji yakampalia, shangazi akampiga mgongoni kwa mkono wa kufyatulia matofali, naye akazidi kucheka. Mwalimu alichungulia mlangoni, amenyoa safi, akauliza kama tuna kiberiti. Akapewa sahani.

Baada ya sahani kuondolewa, baba mkubwa alijipangusa mdomo na kusafisha koo. Sote tuliijua ile sauti. Dada yangu alimvuta kitinda mimba magotini pake.

"Sasa," akasema, "tulikuja kwa neno moja. Hawa batoto…"

"Neno gani?" shangazi akamkatiza.

"Dada, unajua neno. Tulisema muvulana aende na mimi…"

"Huyu? Asubuhi hii tulikuta anavutwa muguu. Bunyakiri utamupa nani wa kumuvuta, kama haukai kwako siku mbili?"

"Na musichana alikuwa wa kwako."

"Ninajua alikuwa wa kwangu." Shangazi aligeuka kuniangalia, muda mrefu, kama anavyotazama mtu ng'ombe kabla ya kununua. "Mimi nililea saba. Wanne waliishi. Kuna siku nilikuwa na chakula sina hakika nacho, na batoto wanalia njaa. Nikawapatia." Akaninyoshea kidole. "Huyu amemwanga nyama mbele ya wageni, mbele ya mutaa muzima, na hakusema ni musichana. Mimi siwezi kumufundisha kulea. Muwaache."

"Na watu watasema nini? Batoto wa ndugu yetu wanalelewa na kijana?"

"Watasema shangazi yao alikunywa maji mupaka akasahau kilichomuleta." Akasimama, benchi likapumua. "Lakini kila musimu nitaleta muhogo na muchele. Na weye utaleta mafuta. Usiniangalie hivyo. Utaleta."

Baba mkubwa alitazama dari, akatutazama sisi wanne, akaomba maji tena. Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Tuliwasindikiza hadi barabara kubwa, wote, na mwalimu pia. Gari la Kamanyola lilipatikana kwanza. Shangazi alipanda mbele, akamwambia dereva asimame njiani mahali penye majani mengi, na kila mtu ndani ya gari akauliza kwa nini, na yeye akawaeleza kwa sauti, kuanzia mwanzo.

Tuliporudi nyumbani dada yangu hakuingia. Alisimama nje, akaniambia kuna kitu nyuma ya mlango. Nikatazama. Kulikuwa na mafurushi matatu yamepangwa sambamba. Alikuwa ameyafunga asubuhi ile, akifikiri nyama ikikubaliwa atayafungua kabla sijaona, na isipokubaliwa, watoto wasiondoke mikono mitupu. Lake lilikuwa na gauni la mama. La mvulana lilikuwa na blanketi lake lote, hakuacha nafasi ya kitu kingine. La kitinda mimba alilifunga mwenyewe: sahani yake, aliyoichomoa kwa kula na kuirudisha, kijiko, na kiatu kimoja cha kwangu.

Tulikaa chini sakafuni, tukayafungua moja moja, na kila kitu tukakirudisha mahali pake.